Roboti ya kufagia: pima nyumba kwanza, dukani nenda baadaye

Malalamiko kuhusu roboti za kufagia yanafanana. Mtu amenunua, wiki ya kwanza amefurahi, kisha mashine ikaanza kunasa chini ya kochi, kutafuna nyuzi za zulia, kugoma kuunganishwa na simu, au kusimama ghafla juu ya kigae cheusi na kukataa kusogea. Sasa imewekwa kona na ufagio umerudi kazini. Ukiichunguza, mara nyingi haina ubovu wowote. Haikufaa nyumba ile tangu mwanzo.

Kwa hiyo hapa tutakwenda kwa mpangilio ambao wanunuzi wengi wanaugeuza: nyumba kwanza, umeme na intaneti pili, mashine mwisho. Ukifika Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, ukiwa na karatasi yenye vipimo, wewe ndiye utakayeuliza maswali na muuzaji ndiye atakayejibu.

## Andaa vitu hivi

- Futi kamba, karatasi na kalamu.
- Boksi gumu la katoni. Kata duara lenye upana wa sm 35, ulijengee ukuta wa kimo cha sm 10. Hii ndiyo roboti yako ya kujaribia.
- Simu utakayotumia kuendesha roboti, pamoja na nenosiri la Wi-Fi ya nyumbani.
- Konzi moja ya mchele, konzi moja ya mchanga mkavu na vipande vya nyuzi. Vitatumika siku ya majaribio.

## Hatua ya 1: Hakikisha nyumba inafaa

Roboti inaokota vumbi, mchanga, nywele na makombo kwenye sakafu tambarare, na inaweza kuifanya kazi hiyo kila siku. Haipandi ngazi, haihamishi viti, haibandui uji uliogandia. Tena isikutane na maji: roboti ya kufyonza ikipita kwenye kidimbwi, unyevu unaingia kwenye mota na hapo dhamana nyingi zinaishia.

Vigae, terazo na saruji iliyosilibwa laini vinaifaa sana. Saruji iliyochimbika haifai, kwa sababu mchanga unabaki ndani ya vishimo na magurudumu yanayumba.

Kama unaishi kwenye chumba kimoja ambamo kitanda, kochi, meza na jiko la gesi vimebanana, nunua ufagio mzuri. Nafasi iliyobaki sakafuni haitoshi hata mashine kujigeuza, na utaimaliza kwa mkono kabla roboti haijatoka kona ya kwanza.

## Hatua ya 2: Pima uvungu, vizingiti na eneo

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayosababisha nusu ya majuto. Itengee muda.

Uvungu. Roboti nyingi zina upana wa sm 35 hivi. Kinachotofautiana ni kimo. Zenye kimnara cha leza mgongoni hukaribia sm 10, zisizo nacho huwa kati ya sm 7 na 8. Sentimita hizo mbili tatu ndizo zitakazoamua kama chini ya kitanda kutafagiwa au vumbi litaendelea kulala huko.

Pima kitanda, kochi, kabati la TV na kabati la vyombo. Pima pale palipo chini kabisa, kwa maana makochi mengi yana ubao wa mbele unaoshuka, au kitambaa cha chini kilicholegea katikati. Sukuma roboti yako ya katoni hadi ndani kabisa. Ikiingia bila kukwaruza popote, vizuri.

Hadhari na uvungu unaolingana sawasawa na kimo cha mashine. Uvungu mdogo sana hauna shida, roboti itaugonga na kugeuka. Unaolingana nayo itaingia kwa kulazimisha, kisha ikwame na kuanza kupiga kelele saa nane mchana wakati wewe uko kazini. Acha angalau sm 1 ya ziada.

Miguu ya viti. Kati ya mguu na mguu panahitajika kama sm 40. Pungufu ya hapo, itabidi viti vipandishwe mezani kabla ya kufagia.

Vizingiti. Roboti ya kawaida hupanda kizingiti cha hadi sm 2. Nyumba zetu nyingi zina kizingiti kirefu mlango wa bafu, jikoni na barazani, na kile cha bafuni mara nyingi ni baraka, kwa kuwa kinaizuia kuingia kwenye maji. Kama kinachokusumbua kiko kati ya sebule na vyumba, fundi seremala anaweza kukuchongea kibao cha mteremko. Au kubali kuibeba kwa mkono.

Eneo. Urefu mara upana wa kila chumba, kisha jumlisha. Kwa makadirio ya kazi, roboti inayokwenda kwa mistari hufagia kama mita moja ya mraba kwa dakika. Nyumba yenye mita 80 za mraba, ukitoa eneo lililokaliwa na fanicha, ni kazi ya saa moja na kidogo.

Karatasi yako sasa iwe na namba tatu: uvungu mdogo kuliko wote unaotaka ufagiwe, kizingiti kirefu kuliko vyote, na jumla ya eneo. Bila hizo usiendelee.

## Hatua ya 3: Kagua vilivyotandikwa na vinavyoning'inia

Zulia fupi lililobana halina shida. Zulia la manyoya marefu, lile la kuzamisha kidole, litazuia magurudumu na kubana brashi. Utalizungushia mstari wa marufuku kwenye ramani ya nyumba ambayo roboti huichora ndani ya programu ya simu, kwa hiyo unahitaji mashine yenye uwezo huo. Nyuzi za pindo zikunje kwa chini uzibandike kwa gundi ya karatasi yenye pande mbili.

Mkeka wa ukindu ni mwepesi. Roboti huusukuma, huukunja, kisha huparamia mkunjo na kukaa juu yake ikizungusha magurudumu hewani. Usitafute mashine ya kumaliza tatizo hilo. Kunja mkeka, simamisha ukutani.

Mapazia yanayofagia sakafu, khanga iliyoanguka, waya wa chaja, kandambili: vyote hivi vitazongwa na brashi ya pembeni.

Sasa nywele. Kama nyumbani mna watu wanaosuka na kufumua rasta, liandike hilo kwa herufi kubwa. Nywele za kusukia ni ndefu na ngumu, zinajifunga kwenye ekseli ya brashi kubwa, zinakazana kwa joto la msuguano na mwishowe zinasimamisha mota. Tafuta brashi ya mpira mtupu isiyo na manyoya, na ambayo ncha zake zinachomolewa kwa mkono bila bisibisi. Pamoja na hayo, siku ya kufumua fagia kwanza kwa ufagio.

Sakafu nyeusi. Chini ya roboti kuna vihisi vinavyorusha mwanga usioonekana na kusubiri urudi. Usiporudi, mashine inaamini imefika ukingoni mwa ngazi na inarudi nyuma. Rangi nyeusi humeza mwanga huo, ndiyo maana baadhi ya mashine hukataa kukanyaga zulia jeusi. Ukiwa na vigae vyeusi, muulize muuzaji aiwashe mbele yako juu ya kitambaa cheusi kilichotandazwa. Kuna wanaoshauri kubandika karatasi juu ya vihisi. Kwenye ghorofa usithubutu, kwa sababu utakuwa umeondoa kitu pekee kinachoizuia kuporomoka ngazini.

## Hatua ya 4: Chagua namna inavyoijua njia

Hapa ndipo ningeweka fedha zangu kabla ya kitu kingine chochote. Mashine yenye nguvu isiyojua ilipo inafagia sebule mara tatu na kuacha chumba cha watoto.

*Za kugonga na kugeuka* hazina ramani. Zinakwenda hadi zigonge, zinageuka, zinaendelea kwa bahati. Chumba kimoja kikubwa zitakimaliza, nyumba ya vyumba vitatu hapana.

*Za jaiskopu*, yaani kihisi kinachopima mashine imegeuka kiasi gani, zinakwenda kwa mistari na zinaonekana zina akili, lakini ukizinyanyua katikati ya kazi zinapoteza hesabu. Wengi hudanganyika hapa kwa sababu programu ya simu inaonyesha mchoro wa nyumba. Uliza swali hili: ramani inahifadhiwa, na ninaweza kuichorea eneo la marufuku? Jibu likiwa hapana, hiyo si ramani ya kukusaidia.

*Za kamera inayotazama dari* huhitaji mwanga. Ukizipanga zifagie usiku taa zikiwa zimezimwa, zitapotea.

*Za leza* zinapima umbali zenyewe, hata gizani, na huhifadhi ramani ya kila chumba. Udhaifu wake ni kile kimnara kinachoongeza kimo, na vioo vikubwa vinavyofika sakafuni, ambavyo huviona kama mlango wa chumba kingine. Kioo cha kabati unaweza kukizuia kwa mpaka kwenye ramani. Kwa nyumba nyingi zenye vyumba viwili au zaidi, nunua ya leza. Kama uvungu wako ni sm 9, utachagua: kufagia chini ya kitanda kwa mkono, au kutafuta leza iliyozamishwa ndani ya mwili wa mashine, ambayo bei yake iko juu.

Baadhi zina kamera ya mbele pia, ya kukwepa viatu, waya na kinyesi cha paka. Mwenye paka anajua thamani ya hilo. Lakini kamera inayotembea nyumbani ikiwa imeunganishwa na intaneti ni jambo la kufikiria mara mbili. Mei 2024, roboti za Ecovacs Deebot X2 katika miji kadhaa ya Marekani zilidukuliwa, na wadukuzi wakatumia spika zake kuwatukana wenye nyumba. Kama huna paka wala vitu vilivyotapakaa, nunua isiyo na kamera ulale usingizi.

## Hatua ya 5: Soma kibandiko cha umeme

Hii inawahusu hasa wanaoletewa na ndugu walio nje.

Geuza kituo cha kuchajia au adapta yake, utafute neno INPUT. Likifuatiwa na 100–240V, kifaa kitafanya kazi popote. Likifuatiwa na 120V peke yake, kimetengenezwa kwa ajili ya Marekani. Tanzania tunatumia volti 230 na Kenya 240. Ukikichomeka moja kwa moja kitaungua, hata kama pini imeingia vizuri, kwa sababu adapta ya kubadilisha pini haipunguzi volti.

Vituo vidogo vya kuchajia tu mara nyingi hukubali volti zote. Vile vikubwa vinavyofyonza takataka kutoka ndani ya roboti vina mota ya kufyonza ndani yake, na kwa kawaida hutengenezwa kwa volti ya soko moja. Transfoma ya kuvimudu lazima ihimili mzigo wa mota hiyo, na ukijumlisha gharama yake unafuu unakwisha. Mzigo wa kutoka Dubai au Muscat hauna shida hii: volti zinakaribiana na zetu, na soketi za kule ni za pini tatu bapa kama zetu.

Kama inakuja kwa ndege, mwambie wakala wa mizigo mapema kwamba ndani kuna betri ya lithiamu. Betri hizo zina masharti yake angani, na mzigo usiotajwa unaweza kuzuiwa.

Umeme ukiwa wa kukatika, zingatia mawili. Kwanza, tumia kifaa kilekile cha kulinda friji, kwa sababu umeme unaorudi kwa kishindo huua chaja. Pili, kituo kisicho na umeme hakitoi ishara ya kuiita roboti, hivyo ukikatika katikati ya kazi mashine itazunguka ikitafuta kwao hadi iishiwe. Panga ratiba kwenye saa ambazo kwenu umeme huwa mtulivu.

Kuhusu LUKU au tokeni, ondoa wasiwasi. Betri kubwa ya kawaida, ya volti 14.4 na mAh 5200 (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri), inabeba wati-saa 75 hivi. Kuijaza kunatumia kama sehemu moja ya kumi ya uniti. Vituo vinavyokausha kitambaa cha kudekia kwa hewa ya moto hutumia zaidi.

## Hatua ya 6: Thibitisha toleo, Wi-Fi na programu

Mashine iliyotengenezwa kwa soko la China huuzwa kwa bei nafuu na ni nzima kabisa, ila inaongea Kichina, na nyingi hukubali kuunganishwa pale tu unapochagua China bara kama eneo lako ndani ya programu. Ukichagua Kenya au Tanzania inagoma. Wapo wanaoishi na hali hiyo bila tabu, lakini ujue kabla ya kulipa. Muulize muuzaji kama ni toleo la kimataifa, halafu thibitisha kwenye boksi: maandishi yote yakiwa ya Kichina, jibu unalo.

Wi-Fi ndiyo inayoleta kelele nyingi siku ya kwanza. Roboti nyingi zinasikia masafa ya 2.4 GHz pekee, na rauta za siku hizi hurusha 2.4 na 5 kwa jina moja. Ingia kwenye mipangilio ya rauta uyape majina mawili tofauti, unganisha simu kwenye 2.4, zima VPN, washa huduma ya mahali ulipo (Location) kwenye simu, kisha anza.

Usitegemee data ya simu inayogawanywa. Ukiondoka nyumbani na simu, roboti inabaki bila mtandao na ratiba za mbali hazifanyi kazi. Kama huna Wi-Fi ya kudumu, uliza kama kitufe cha mwilini kinatosha kuanzisha kazi. Kwa nyingi kinatosha, ila maeneo ya marufuku utayachora siku ukiwa na mtandao.

Angalia pia kama kampuni bado ipo. Neato ya Marekani ilifungwa mwaka 2023, na mashine zake bado zinaonekana kwenye mitumba. Roboti inayotegemea seva za kampuni iliyokufa inaweza kubaki na kitufe tu.

## Hatua ya 7: Nguvu na betri, bila kudanganywa na namba

Nguvu ya kufyonza huandikwa kwa paskali, Pa. Kila kampuni hupima kivyake, hivyo usilinganishe namba za kampuni mbili. Kwa vigae, 2000 hadi 3000 zinatosha. Mwenye mazulia apande juu zaidi. Zaidi ya hapo unalipia tangazo.

Betri ya mAh 2600 itamudu nyumba ndogo, 5200 itamudu kubwa. Muda unaoandikwa kwenye boksi umepimwa kwa mwendo wa polepole kabisa, kwa hiyo upunguze kichwani. Kilicho muhimu zaidi ni uwezo wa kurudi kuchaji na kuendelea ilipoachia.

## Hatua ya 8: Usidanganyike na neno "inadeki"

Roboti za bei ya chini huburuta kitambaa chenye unyevu. Kinaondoa vumbi laini lililobaki, basi. Hakiondoi mafuta ya jikoni. Zenye vitambaa viwili vinavyozunguka, au rola inayojisafisha, zinakaribia kudeki kweli, na bei yake inajieleza.

Kama una mazulia, sharti ni moja: kitambaa kijinyanyue chenyewe mashine inapopanda zulia, au uweze kulifungia zulia kwenye ramani. Vinginevyo litalowa kila siku na kuanza kunuka.

Usitie Jik wala sabuni ya povu kwenye tangi. Na kama maji yenu ni ya kisima yenye chumvi, kama ilivyo sehemu nyingi za pwani, yataacha utando mweupe na kuziba matundu madogo. Weka maji ya mvua au yaliyochujwa, la sivyo nunua ya kufagia tu uendelee kudeki kwa mkono.

## Hatua ya 9: Piga hesabu ya vipuri kabla ya kulipa

Kichujio hubadilishwa kila miezi miwili au mitatu, brashi ya pembeni kati ya miezi mitatu na sita, brashi kubwa kati ya sita na kumi na mbili. Penye mchanga mwingi au vumbi jekundu, chukua muda mfupi. Kituo kinachofyonza takataka za roboti kinahitaji mifuko yake.

Andika bei za vipuri vya miaka miwili, jumlisha na bei ya mashine. Mwambie muuzaji akuonyeshe kichujio na brashi vikiwa dukani, mkononi mwake. "Tutakuagizia" ni jibu la hapana lililovaa suti. Betri pia: iwe ya kufunguliwa kwa skrubu, kwa kuwa ndiyo itakayochoka mapema.

## Hatua ya 10: Jaribu ndani ya muda wa kurudisha

Elewana na duka kwa maandishi kuhusu siku za kurudisha. Kisha, nyumbani:

1. Weka kituo ukutani, pembeni pawe na nusu mita kila upande na mbele mita moja na nusu. Pakibana, mashine itashindwa kurudi.
2. Jaza chaji kabisa. Okota waya na kandambili, fungua milango yote, iache itengeneze ramani bila kuinyanyua.
3. Mwaga mchele katikati ya sebule, mchanga kando ya ukuta, nyuzi jikoni. Katikati pabaki safi baada ya mzunguko mmoja, kando ya ukuta baada ya miwili. Kwenye kona kali patabaki kidogo, kwa sababu mashine ni duara. Huo si ubovu.
4. Kwenye ghorofa, kaa ngazi ya pili kutoka juu, mikono tayari, uiache ifike ukingoni. Isimame na kurudi yenyewe kila mara. Ikichungulia hata mara moja kupita kiasi, irudishe.
5. Chora eneo la marufuku, iendeshe tena uone kama inaliheshimu.
6. Ikiwa katikati ya kazi, chomoa umeme wa kituo kwa dakika chache, urudishe, halafu iamuru irudi kwa kitufe. Ifike yenyewe.

Ukiosha kichujio kinachoruhusiwa kuoshwa, kianike saa 24 kabla ya kukirudisha, kwani kikiwa na unyevu kinashika vumbi na kugeuka tope. Boksi na vishikizi vyake vya plastiki usivitupe hadi siku za kurudisha zipite, na risiti ipige picha, kwa sababu wino wa risiti za mashine hufutika kabla dhamana haijaisha.